Panya ndani ya nyumba: maswali ya kila siku kuhusu kutega

Haya maswali yanarudi kila msimu, hasa mvua zikianza au mahindi yakishaingia ndani, kwahiyo nimeyajibu moja moja kulingana na nyumba zetu zilivyo, za kupanga na za kwetu wenyewe, zenye dari na zisizo na dari. Msimamo wangu nausema mapema: mtego kwanza, sumu iwe mwisho kabisa, na mtego mmoja peke yake haumalizi panya wa nyumba.

Nasikia wanakimbizana darini usiku kucha, nitajuaje ni panya gani?

Angalia mavi yake na mahali anapopita, huna haja ya kumuona mwenyewe. Panya wa darini ni mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili, anapanda kama hana uzito, anatembea juu ya kenchi na kwenye nyaya za umeme, na mavi yake yana urefu wa kama sentimita moja na kidogo, yamechongoka ncha. Panya wa mtaroni ni mnene, mkia mfupi kidogo kuliko mwili, anachimba, anakaa kwenye chemba, chini ya karo, nyuma ya choo cha nje, na mavi yake ni makubwa, yanakaribia sentimita mbili na ncha zake butu. Alafu kuna kipanya, kale kadogo ka kwenye kabati na magunia, kanaacha mavi kama punje nyembamba za mchele na harufu fulani kali kwenye nguo. Mashambani kuna panya shamba pia, huyu ndio anaingia ndani baada ya mavuno akifuata nafaka, na jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24, hapo utaelewa kwanini ukichelewa wiki chache unakuta nyumba imejaa.

Sio lazima umjue kwa jina, ila lazima ujue anatembea juu au chini, maana ukitega sakafuni panya wa darini atakupita juu ya kichwa kila siku na utasema mtego mbovu.

Na buku je, yule wa Morogoro wa kutafuta mabomu, ndio huyu anayetoka mtaroni?

Hapana. Wale wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB ni buku halisi, ana mifuko kwenye mashavu ya kubebea chakula na mkia wake nusu ya mwisho ni mweupe. Yule Magawa aliyepewa medali ya dhahabu mwaka 2020 alikuwa wa jamii hiyo, alizaliwa hapo hapo Morogoro. Jamaa wa mtaroni anakuwa mkubwa mpaka watu wanamuita buku lakini ni mwingine kabisa. Mtego wa kawaida buku halisi haumtoshi, kwake tumia kizimba kikubwa.

Ninunue mtego gani?

Kwa nyumba nyingi ni mtego wa kubana, ule wa ubao au wa bati wenye springi. Unaua papo hapo, unaosheka, unatumika tena na tena, na panya unamuona kwa macho, hafi sehemu usiyoijua. Kuna size mbili na hapa ndipo watu wanapokosea, mtu ana panya wa mtaroni mwenye uzito wa robo kilo na zaidi anamtegea katego ka kipanya, panya anabanwa mguu anaondoka na mtego, na ukishamjeruhi hivyo hatausogelea tena. Kabla ya kulipa fyatua kwa kijiti hapo hapo dukani, ukiona waya unarudi kwa uvivu achana nao.

Kizimba cha wavu ni kizuri kama una watoto wadogo au kuku wanaozurura, tatizo lake ni kwamba asubuhi una panya mzima ndani na lazima ufanye maamuzi. Kumwachia mtaa wa pili ni kumhamishia mwenzako tatizo, na akiachiwa karibu anarudi.

Mtego wa ndoo nao usiudharau, hasa stoo yenye vipanya vingi. Unachukua ndoo ndefu, unatoboa matundu mawili juu, unapitisha waya, kwenye waya unavalisha chupa ya plastiki ya maji iliyotobolewa kitako na kifuniko ili izunguke, unapaka karanga ya kusaga katikati ya chupa, kisha unaegemeza kijiti cha kupandia. Kipanya akikanyaga chupa inazunguka na yeye yuko chini. Ndoo haihitaji kutegwa upya baada ya kila mmoja, usiku mmoja unaweza kunasa kadhaa.

Chambo kipi kinafanya kazi kweli?

Kile anachokula tayari nyumbani kwako, ila chenye harufu zaidi. Jibini la kwenye katuni sahau. Karanga ya kusaga inaongoza, inanukia na inanata. Dagaa waliokaushwa wanafuata, kisha nazi ya kuchoma, hii watu wa pwani wanaijua tangu zamani, unachoma kipande kwenye mkaa mpaka kinaanza kutoa mafuta, ile harufu inafika mbali. Kipande cha samaki mkavu sawa, ukoko wa ugali wenye mafuta kidogo sawa. Kwenye stoo ya nafaka panya ameshiba mahindi, mpe kitu tofauti chenye mafuta, kumuwekea mahindi ni kumpa asichohitaji.

Na weka kidogo. Kama punje ya harage inatosha, ukijaza atakula pembeni akiwa amesimama salama.

Chambo kinaliwa lakini mtego haufyatuki, kwanini?

Hili swali nalipenda maana jibu lake ni uzi tu. Panya analamba, hang'oi, ulimi wake ni mwepesi na kile kisahani hakishtuki. Sasa chukua dagaa mmoja, mlaze kwenye kisahani, mfunge na uzi wa kushonea mara mbili tatu kichwani na katikati, fundo liwe chini, alafu paka karanga kidogo juu ya uzi. Akija atalamba karanga, itaisha, atabaki na dagaa, atamvuta, dagaa hatoki, atavuta kwa nguvu, hapo ndipo waya unashuka. Angalia na ile ndoano inayoshika kisahani, mara nyingi imeingia ndani mno, irudishe ikae ukingoni kabisa ila uwe makini na vidole.

Mitego iliyopata kutu inakuwa mizito, paka tone la mafuta ya kula kwenye springi.

Nimetega siku kadhaa sasa hata mmoja hajaingia, wakati usiku nawasikia.

Panya mkubwa anaogopa kitu kipya, ndio tabia yake. Ukiweka mtego leo anaweza kuuzunguka siku tatu, wiki hata, anaupita mbali. Kwahiyo usitege siku ya kwanza. Weka mtego na chambo bila kuukoki, aje ale, kesho weka tena ale, azoee kwamba hapa ni mezani, ukiona chambo kinaisha kila usiku kwa siku mbili tatu mfululizo ndio unaikoki yote usiku mmoja. Inahitaji uvumilivu lakini wale wazee wajanja wanaokwepa kila kitu ndio wanaingia kwa njia hii. Kipanya ni kinyume, ni mdadisi, kitu kipya anakiendea, kama hajaingia siku ya kwanza au ya pili hamisha mtego, umeuweka sehemu asiyopita.

Kingine, unatega huku sufuria ya wali imelala wazi na ndoo ya taka haina mfuniko. Atakuja kwenye mtego kufanya nini?

Niweke wapi na mingapi?

Ukutani. Panya haendi katikati ya chumba, anatembea ameegemea ukuta sharubu zake zikigusa, njia ile ile kila usiku, mpaka ukuta au kenchi inapata weusi wa mafuta ya manyoya yake. Mulika tochi kwa ubavu uone ule mstari mweusi, ukigusa unateleza kidogo kama masizi yenye mafuta, hapo ndipo njia yake. Mtego ukae umekabili ukuta, upande wa chambo ndio uguse ukuta, ili akitokea kushoto au kulia anakutana nacho. Darini funga mtego kwenye kenchi kwa waya, mtego usije ukadondokea jipsamu ya dari.

Maeneo mengine ni nyuma ya friji kwenye mota yenye joto, chini ya karo, nyuma ya mtungi wa gesi, kwenye kona ya stoo nyuma ya magunia.

Idadi ndio watu wanabana. Mtego mmoja unakamata mjinga mmoja, wengine wanajifunza. Kwa vyumba viwili na stoo anza na mitego sita hivi kwa usiku mmoja, ya vipanya ipishane kama mita mbili maana kipanya haendi mbali na kiota chake, ya panya wakubwa hata mita tano. Jike anabeba mimba wiki tatu tu na anazaa watoto sita, nane, hata zaidi, kwahiyo ukikamata mmoja kwa wiki unawapunguzia msongamano tu, wanaendelea vizuri. Mitego mingi kwa siku chache inashinda mtego mmoja mwaka mzima.

Kwanini unakataa sumu wakati inauzwa kila kona?

Sikatai kabisa, ila naogopa jinsi tunavyoitumia. Sumu inayopitishwa mtaani na kipaza sauti, dawa ya panya, mende, kunguni, unapewa kwenye kijimfuko kisicho na maandishi, hujui ni nini ndani, na mtoto akiila daktari naye hatajua aanzie wapi. Ile ya unga mweusi mara nyingi ni zinki fosfaidi, ikifika tumboni ikakutana na asidi inatoa gesi ya fosfini, haina dawa maalum ya kuitibu. Zile za vipande vya rangi ni za kuzuia damu isigande, panya anakufa baada ya siku kadhaa, na anafia darini au ndani ya ukuta, unakaa na harufu wiki nzima huku nzi wakubwa wanatoka kwenye taa. Paka akimla yule panya anayeyumba naye anaweza kupata sumu, bundi hivyo hivyo, na hao ndio walikuwa wanatusaidia.

Kama umelazimika, nunua duka la pembejeo lenye kibali, kitu chenye lebo, weka ndani ya boksi lililofungwa ambalo mkono wa mtoto hauingii, na lebo uitunze. Mtoto akigusa, kimbia hospitali na lebo mkononi, usimtapishe na usimpe maziwa ukisubiri uone.

Gundi ya panya vipi? Ni rahisi na haina kelele.

Mimi siipendi na nasema wazi. Panya ananasa akiwa mzima, analia usiku kucha, anajing'oa ngozi, anakojoa hapo hapo kwa hofu na mkojo ndio wenye magonjwa. Uingereza, kwa upande wa England, wameipiga marufuku kwa watu wa kawaida tangu Julai 2024. Kwetu kuna la ziada, vumbi, ukitandika kwenye nyumba ya sakafu ya vumbi kesho yake haishiki kitu, na badala ya panya unakuta mjusi, kifaranga au mtoto wa paka. Kiumbe usichokikusudia akinasa mpake mafuta ya kula pole pole mpaka gundi iachie, usimvute.

Nina watoto na kuku, nategaje?

Wahenga walishasema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, kwahiyo uufiche mtego, usiwaamini watoto. Chukua boksi gumu la mbao au kipande cha bomba pana la plastiki, weka mtego ndani, acha mlango mdogo wa panya pande zote mbili, weka tofali juu. Panya anapenda kupita mahali pa giza palipofunikwa, kwahiyo boksi linasaidia hata kumvuta. Tega wakati wa kulala, asubuhi kabla mtoto hajaamka fyatua yote uiweke juu. Mchana panya hatembei sana, ukimuona mchana kweupe anakatiza sebuleni jua wamejaa mpaka chakula cha usiku hakiwatoshi.

Ni kweli panya anang'ata huku anapuliza usisikie?

Wengi tumekua tukiambiwa hivyo. Kuwa ananyanyua pua na kukupuliza hilo halipo, ila kuwa watu wanang'atwa vidole bila kuamka ni kweli kabisa na sio jambo dogo. Mtoto aliyelala na mikono yenye samaki anang'atwa. Na wenye kisukari ambao miguu imekufa ganzi ndio wako hatarini zaidi, madaktari wa Dar es Salaam walishaandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioamka na vidonda vya panya miguuni bila kusikia chochote, na kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari kinaweza kuishia kukatwa. Kama nyumbani kuna mzee mwenye kisukari, anza kutega chumbani kwake leo, anawe miguu kabla ya kulala, chandarua kichomekwe chini ya godoro, na asubuhi mkague nyayo kwa macho.

Uking'atwa na panya osha kwa maji mengi na sabuni alafu nenda kituo cha afya, kuna suala la pepopunda na bakteria wengine.

Amenaswa, sasa nifanye nini na mzoga?

Usimshike mkono mtupu, hata mkia. Vaa glavu au vaa mfuko wa plastiki mkononi, mnyunyizie maji ya Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa tisa vya maji, subiri dakika tano, mtie kwenye mfuko, geuza, funga, mfuko wa pili juu, chimbia au tupa kwenye pipa lenye mfuniko. Sio kumrusha barabarani kama tulivyozoea. Mtego uoshe kwa maji na sabuni, harufu ya panya mwenzake ikibaki haina shida.

Mavi na mkojo usifagie pakavu, vumbi lile unalivuta. Lowesha kwanza kwa hayo maji ya Jik, futa na kitambaa cha kutupa.

Sababu ya ukali wote huu tumeiona. Mwaka 2022 kule Ruangwa mkoani Lindi watu waliugua homa na kutoka damu puani, wakafa watatu, ikaja kugundulika ni homa ya mgunda, bakteria wake wanakaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, wanaingia kupitia maji na michubuko ya ngozi. Na Lushoto waliishi na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, ile ni ya viroboto vya panya. Kwahiyo ukiona panya wanakufa wenyewe ovyo bila mtu kutega wala kuweka sumu, usiwaguse, toa taarifa kwa afisa afya wa kata, viroboto huwa wanahama kwenye mzoga uliopoa kutafuta damu nyingine, na ya karibu ni yako.

Simenti na unga, pilipili, kile kifaa cha umeme cha sauti, vinasaidia?

Simenti na unga unawalisha unga tu, sijaona cha kutegemea hapo. Pilipili na mafuta ya taa wanahama njia kwa siku chache kisha wanarudi. Vifaa vya sauti wanazoea na sauti yenyewe haipenyi ukuta wala kabati, Marekani mamlaka ya biashara iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 mwaka 2001 kuwaonya kuhusu madai yao. Hela hiyo nunua mitego.

Si bora nifuge paka tu?

Fuga, ila usimwachie kazi yote. Kuna utafiti wa Eswatini wa mwaka 2017 uliangalia kaya za vijijini, walichokuta ni kwamba penye paka na mbwa kwa pamoja panya walikuwa waoga na walikula kidogo, penye paka peke yake au mbwa peke yake tofauti haikuonekana vizuri. Na paka anayeshibishwa wali na dagaa hapandi kwenye kenchi saa nane usiku.

Naishi nyumba ya kupanga vyumba sita, mimi natega wenzangu hawategi, wanarudi.

Watarudi tu, dari ni moja kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Hili ndio jambo ningependa watu walichukue kwa uzito kuliko mengine yote hapa. Msumbiji, mkoa wa Zambezia, walijaribu vijijini kutega kwa wingi, nyumba zote, kila siku, na panya majumbani walipungua kweli, bila sumu. Siri yake ni wote kwa wakati mmoja. Kaeni wapangaji, changeni, kila chumba mitego miwili, miwili ya darini, miwili ya chooni na karo la nje, wiki mbili mfululizo, mtu mmoja apewe zamu ya kukagua asubuhi. Mwenye nyumba yeye azibe matundu na aweke mfuniko wa chemba, hiyo ni kazi yake na mwambieni kwa heshima lakini kwa pamoja, akiambiwa na mmoja anasahau.

Matundu nazibaje asitoboe tena?

Kipanya anapita tundu la milimita sita, ingiza penseli, ikipita na yeye anapita. Panya mkubwa tundu la sentimita mbili linamtosha. Meno yake hayaachi kukua kwahiyo anatafuna mbao, plastiki, hata mota iliyochakaa ya kati ya matofali, na nyaya za umeme, ndio maana shoti nyingine za darini haziishi. Sindilia stili waya ya kuoshea sufuria ndani ya tundu mpaka ibane, juu yake simenti. Usitumie foamu peke yake, anaitafuna. Pale bati linapokutana na ukuta weka wavu wa chuma wa matundu madogo, chini ya mlango piga kipande cha bati, na kata matawi ya mwembe yanayogusa paa. Ziba baada ya kutega, ukiziba kabla unawafungia ndani.

Nitajuaje wameisha?

Futa mavi yote na ile mistari myeusi ya mafuta, kisha usiku nyunyizia unga kidogo kwenye njia zao, karibu na ukuta, darini na stoo. Asubuhi mulika tochi kwa ubavu. Ukiona vidole vidogo au mstari wa mkia kwenye unga, tega hapo hapo usiku huo. Unga ukikaa safi wiki mbili na chambo hakiguswi, toa mitego mingi ila bakiza miwili mitatu stoo na darini, badilisha chambo kila wiki, na mahindi mapya yakiingia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta nafasi ya wewe kupita na ufagio, mitego yote irudi sehemu zake siku hiyo hiyo magunia yanapoingia.